Kyaliwajjala au Kawanda? Tumependa nyumba mbili tunashindwa kuchagua

SWALI: Asalaam aleikum Shangazi, natumai u mzima. Mi ni mama wa watoto watatu, tumepanga Ntinda hapa Kampala, Uganda, na kodi inapanda kila mwaka, sasa mimi na Baba watoto tumeuza ploti yetu ya zamani tukaongeza na akiba ya sacco tumefika shilingi milioni 240, tunataka nyumba ya kuhamia moja kwa moja maana kujenga hatuwezi. Tumezunguka na mabroka mpaka tumechoka, zimebaki nyumba mbili na zote tumezipenda.

Ya kwanza iko Kyaliwajjala kule chini ukielekea bondeni, milioni 300, mpya, vyumba vinne, tailizi kila mahali, jiko la ndani lina makabati mpaka juu, ukuta na geti, ploti ni futi 50 kwa 100. Mwenyewe ameipaka rangi juzi inang'aa. Taito, yaani hati ya ardhi, ni ya mailo (ardhi ya kumiliki moja kwa moja huku Buganda) na iko kwa jina lake. Nyuma ya ukuta ni kijani tupu hakuna jirani, nilipenda ule utulivu. Benki imekubali kutukopesha zile 60 zinazopungua.

Ya pili iko Kawanda, Bombo Road, milioni 240, ya zamani kidogo, vyumba vitatu na boizi kota (kijumba cha wafanyakazi) ya vyumba viwili nyuma, kiwanja kikubwa desimali 25, yaani robo eka, kuna miembe na mfenesi. Inahitaji rangi na jiko liko nje. Anayeuza ni kijana, taito bado iko kwa jina la marehemu baba yake lakini anasema ndugu wote wamekubaliana. Tulipofika tulimkuta mama mmoja mzee barazani anamenya matoke, kijana akasema huyo atahamia kwa dada yake, tusijali.

Mume wangu anataka Kawanda kwa sababu mama yake anazeeka, miguu inamsumbua, anaishi na sisi na watu wao wote wako Bombo. Mi moyo wangu uko Kyaliwajjala, na nikisema kweli naogopa Kawanda itageuka nyumba ya wageni wa ukoo mzima. Nauza vitambaa soko la Owino mjini natoka alfajiri, yeye yuko kiwandani Nakawa. Broka anasema wiki hii kuna mtu anakuja na hela taslimu. Tuchukue ipi?
Mama wa watatu, Ntinda

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Huyo mtu mwenye hela taslimu muweke pembeni kwanza, maneno hayo mabroka wanamwambia kila mteja, na hata kama ni kweli yupo, mwache anunue yeye. Nyumba za kuuza wilaya ya Wakiso, ziliko hizo mbili, hazijaisha.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kilichonishika ni yule mama anayemenya matoke barazani. Mwanangu, yule ni nani? Hukuniambia na nadhani hata nyie hamkuuliza. Kama taito iko kwa jina la marehemu, basi kuna uwezekano mkubwa yule ndo mjane wake na hapo mlipopelekwa kuonyeshwa vyumba ndo kwake, alipoishi na mumewe na kulea huyo huyo kijana. Sheria yetu ya mirathi, tena baada ya kurekebishwa mwaka 2022, inamlinda mjane kwenye nyumba ya familia, hawezi kuhamishiwa kwa dada yake eti kwa sababu mtoto kapata mteja. Halafu kijana mwenyewe, hata awe mtu mzuri namna gani, hana uwezo wa kuuza mali ya marehemu mpaka mahakama impe barua za usimamizi wa mirathi, na njiani kuna ofisi ya Administreta Jenero inayotaka kujua familia ya marehemu ni akina nani na nani anakubali nini. Akishapata barua anaandikwa kwenye taito kama msimamizi, hapo ndo anaweza kuwasainia nyie transfa. Kabla ya hapo, karatasi yoyote atakayowasainia, hata mbele ya LC (baraza la kijiji) na mashahidi kumi, haiwapi nyumba.

"Ndugu wamekubaliana" ni maneno ya mdomo. Nimeshaona mtu kalipa yote, kahamia, kapanda maua, anakuja kutokea mtoto wa mama mwingine ambaye hakuna aliyemtaja, kaweka kaveti, yaani zuio, kwenye taito na kila kitu kimesimama, aliyeuza simu haipokei na hela keshanunulia gari.

Sasa fanyeni hivi. Rudini Kawanda nyie wawili bila broka, bebeni sukari na sabuni kama wageni wa heshima, mkae na yule mama hapo barazani mzungumze. Muulizeni kama anajua nyumba inauzwa. Muulizeni anataka kwenda wapi na ana chumba kweli huko kwa dada. Muulizeni marehemu amezikwa wapi, maana kama kaburi liko chini ya ule mfenesi basi mnanunua nyumba pamoja na kaburi la watu, na watakuwa wanakuja kulitembelea miaka yote. Mkitoka hapo piteni kwa mwenyekiti wa LC1 na majirani wawili watatu, hao wanajua nani kazaliwa pale na nani yuko nje ya nchi. Ikionekana mama mwenyewe anataka kuuza, pengine nyumba imemshinda na anataka fungu lake ajenge kadogo karibu na bintiye, basi hilo ni jambo zuri kabisa na mnaweza kungoja wakamilishe mirathi, yeye na watoto wote wakubwa wasaini, loya wenu akiwepo, loya mliyemtafuta wenyewe na siyo wa kuletewa na broka. Ila kama analia au hajui kinachoendelea, ondokeni. Usimlaze mkweo kwenye chumba alichotolewa mama wa mtu.

Na Kyaliwajjala nako nina maneno. Hicho kijani cha nyuma ya ukuta ni majani gani? Kapande juu ya kitu uchungulie. Ukiona mafunjo hapo ni kinamasi, na katiba ya 1995 inasema vinamasi serikali inavishika kwa niaba ya wananchi, taito zilizotolewa kwenye vinamasi baada ya hapo serikali imekuwa ikizifuta, na mwaka 2024 sote tuliona NEMA, mamlaka ya mazingira, walivyovunja nyumba kwenye kinamasi cha Lubigi. Kwa hiyo taito kuwa kwa jina la muuzaji haitoshi kabisa, mkaulize afisa mazingira wa wilaya kama hiyo ploti iko ndani ya mipaka ya kinamasi au nje, na mpate jibu la maandishi.

Halafu ile rangi. Nyumba mpya inapakwa tena kwa nini? Inawezekana anaipendezesha tu kwa wateja, sawa, lakini piga magoti uangalie ukuta kwa chini, kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, pitisha kiganja taratibu. Rangi ikiwa imevimba vimba au ukaona unga mweupe unatoka, maji yanapanda kutoka ardhini na hakuna rangi itakayoyazuia. Fungua lile kabati la chini ya sinki, ingiza kichwa, nusa. Muulize jirani wa juu shimo la choo wananyonya mara ngapi, sababu bondeni shimo linajaa maji ya ardhi hata kama mnaishi wawili. Na zaidi ya yote nendeni siku mvua imenyesha, siyo kesho yake jua likiwa limewaka, siku ile ile, mkiwa mmevaa gambuti, muone maji yanapita wapi na kama taksi inashuka mpaka getini au inawaacha juu kwenye lami mshuke na matope.

Nyumba zote mbili mfanye sachi, yaani upekuzi wa taito, ofisi ya ardhi Wakiso, taito mnayopewa kopi ilingane na iliyoko kwenye mfumo, muone kama kuna kaveti au mkopo wa benki juu yake. Sevea wenu (mpima ardhi) afungue mipaka na kutafuta yale mawe ya kona, maana ukuta kujengwa mahali fulani hakumaanishi mpaka uko hapo. Mtu wa kibanja je, yaani anayekaa kwenye ardhi ambayo taito ni ya mwingine, yupo? Kwenye mailo uliza hilo kila mara, mtu aliyekaa hapo bila kusumbuliwa miaka 12 au zaidi kabla ya katiba ya 1995 analindwa na sheria na taito yako haimwondoi. Na huyo wa Kyaliwajjala kama ana mke na wanaishi pale, mke asaini ridhaa, sheria ya ardhi ya 1998 inadai hivyo kwa nyumba ya familia.

Tuje kwenye hela, hapa nakuomba usome polepole. Milioni 60 ya mogeji (mkopo wa nyumba) kwa miaka 10, tuseme riba ni asilimia 17, kila mwezi mnatoa milioni 1 na elfu 40 hivi, mpaka mmalize mmelipa kama milioni 125. Yaani Kyaliwajjala haiwagharimu 300, inawagharimu 365, bado ushuru wa stempu asilimia 1.5 ambao kwa 300 ni milioni 4 na nusu, bado loya na sevea. Biashara ya vitambaa unaijua mwenyewe, Januari watu wanatafuta ada ya shule na sokoni hakuna anayenunua, hiyo milioni itatoka wapi mwezi huo? Na Kawanda pia msijidanganye, mna 240 kamili na nyumba ni 240, ushuru peke yake ni milioni 3 na laki 6, nyaya za umeme za nyumba ya zamani fundi azikague, paa pia. Kwa hiyo bei lazima ishuke, na itashuka, nyumba yenye mirathi haijakamilika haiuzwi bei ya nyumba yenye taito safi. Anzeni 200 mzungumze.

Kuhusu barabara, mnavutana sababu kila nyumba inampendelea mmoja wenu. Kawanda inakushusha wewe taksi paki, Owino hapo hapo, ila Kawempe na Bwaise asubuhi ni jam na mvua ikinyesha Bwaise inafurika. Wewe unayetoka alfajiri utaiwahi, Baba watoto wa Nakawa itabidi azungukie Northern Bypass kila siku. Kyaliwajjala yeye anafika upesi, wewe ndo unahangaika, na tarehe 3 Juni mahujaji wa Siku ya Mashahidi wa Uganda wakijaa hapo jirani Namugongo huko hakuna anayetoka na gari. Jaribuni kweli, Jumatatu asubuhi kila mmoja atoke upande ule kama vile anaishi huko, na Ijumaa jioni arudi.

Sasa hofu yako ya wageni. Nimeipenda kwa sababu umeisema, wengi wanaificha nyuma ya tailizi. Mwambie mumeo hivyo hivyo, kabla ya kulipa, kwamba boizi kota ni ya mama yake na msichana wa kumsaidia, au mtaipangisha chumba kimoja mpate hela ya shule, na mgeni wa Bombo akija anakuja kwa taarifa. Hilo akilikubali mbele ya mama yake litakusaidia kuliko makabati. Na mama wa miguu mibovu mfikirieni kwa vitendo, mchukueni aende nanyi kuona, muangalie anapandaje ngazi ya baraza, choo kiko mbali kiasi gani usiku. Yeye ndo atakuwa nyumbani mchana kutwa, nyie mnarudi kulala.

Ukiniuliza mimi, ningeingoja Kawanda. Jiko unaweza kulijenga ndani mwaka kesho, rangi unapaka, lakini desimali 25 ni zaidi ya mara mbili ya 50 kwa 100 na nyumba ya bondeni huwezi kuihamishia mlimani. Ila naingoja kwa sharti la yule mama na barua za mahakama, na msitoe hata shilingi ya "kushikilia" kwa sasa. Familia ikisuasua, tafuteni ya tatu, si lazima iwe moja ya hizi mbili. Yoyote mtakayochukua taito iandikwe majina yenu wote wawili. Ukishaonana na yule mama niandikie, nataka sana kujua alikwambia nini.

SWALI: Shangazi, mi niko Jinja. Kuna nyumba ya zamani ya Wahindi katikati ya mji, imara sana, kuta nene, bei nzuri, lizi (muda wa kukodi ardhi) imebaki miaka 14. Na kuna mpya ndogo nje ya mji njia ya Buwenge, ya friholdi (ardhi ya kumiliki bila ukomo wa miaka). Mke wangu kapenda ya mjini.
Kaka wa Jinja

JIBU: Mkeo ana jicho zuri, zile nyumba zinapendeza. Lakini miaka 14 ni michache kaka, benki nyingi zitasita kukukopesha, na mtoto aliye na miaka miwili leo hatakuwa amemaliza sekondari lizi itakuwa imeisha. Muuzaji aombe kwanza kuongezewa lizi, kwa gharama yake, ndo muongee bei. Pia kwa nyumba za namna hiyo ulizia historia yake tangu 1972 Amin alipowafukuza Wahindi, nyumba nyingi ziliingia mikononi mwa bodi ya serikali ya mali za Wahindi walioondoka na baadhi zilirudishwa kwa wenyewe, sasa loya wako afuatilie kwenye rekodi za bodi hiyo kama hiyo yako ilirudishwa, kwa nani, na huyo anayeuza aliipataje kutoka kwake. Karatasi zikikatika katikati, mpeleke mke akaone ya Buwenge tena, na safari hii nendeni asubuhi, ile saa watoto wanakwenda shule, ahesabu mwenyewe dakika mpaka darasani.