Jibu: Kidonda cha baharini kisichosikia dawa

Kaka, umeuliza kwa nini kidonda cha mdogo wako aliyekatwa na chaza pale Raskazone, Tanga, hakisikii amoksisilini, na kama bahari inahusika. Inaweza kuhusika. Maji ya vyoo yakimwagika baharini hubeba bakteria wa matumboni mwetu pamoja na mabaki ya dawa tulizomeza. Dhaifu hufa, sugu hubaki, na usugu huo hugawana: humegeana vinasaba hata na bakteria wa jamii nyingine kabisa. Tena kwenye maji ya vuguvugu kama yetu wamo vibrio, bakteria wenyeji wa bahari, ambao mchubuko mdogo tu unawatosha kuingia.

Mimi nilichomwa na mwiba wa samaki mguuni, nikauosha kwa maji ya chumvi nikiamini yanatibu. Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umefika kifundoni, ngozi inang'aa.

Nakuomba, asiongeze vidonge vya dukani. Aende hospitali leo, aseme wazi alikatwa baharini, aombe usaha uoteshwe maabara ijulikane dawa ipi inaua kimelea chake. Sindano ya pepopunda pia aiulizie. Akipata homa kali au malengelenge meusi, mpelekeni usiku huohuo, msingoje kuche.