Maswali ya Wasomaji: Mwenyekiti Kakubali, Mtaa Umegoma

SWALI: Naratibu utafiti wa malaria kwa watoto huku Tandale, Dar es Salaam. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, tunacho, barua ya Mganga Mkuu wa Manispaa tunayo, mwenyekiti wa mtaa katupokea vizuri. Ila wapimaji wakifika milango inafungwa, kina mama wanasema hao ni mumiani, wanyonya damu. Tumekosea wapi?

JIBU: Karatasi zenu ziko sawa. Lakini barua hufungua ofisi. Mlango wa chumba anaufungua aliye ndani, na nyumba moja ya Tandale huwa na wapangaji hata sita. Mkutano mkiuitisha saa nne asubuhi siku ya kazi, mtawapata wazee wenye nyumba. Mama lishe yuko jikoni, bodaboda yuko kijiweni. Rudini Jumapili saa kumi jioni, mpitie vikoba na vijiwe vya kahawa. Mjumbe wa shina mtumieni kwa tahadhari: ni kiongozi wa chama, na wasio wa chama hicho watauona utafiti una mwenyewe.

Wanaohofu mumiani msiwacheke. Hofu hiyo ni ya tangu enzi za mkoloni, na chakula chake ni ukimya: mtu anaona damu ikiondoka, haoni inakokwenda. Basi onyesheni. Vuteni mililita 5 za juisi ya rozela kwa bomba lisilo na sindano, mimineni kwenye kijiko cha chai. Kinajaa, basi. Kisha waambieni kwamba mtu mzima anayejitolea damu hutoa takriban mililita 450, yaani vijiko 90 hivi. Kama ninyi mnatoboa kidole tu, semeni ni matone mangapi. Tajeni maabara itakakopelekwa na muda itakaohifadhiwa. Kama itavuka mpaka, semeni kabla hamjaulizwa, na mweleze kuwa kuna mkataba wa kusafirisha sampuli. Wakijagundua wenyewe, hamtarudi tena mtaa huo.

Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Msiondoke mlangoni kabla mama hajaambiwa, na mtoto mwenye malaria apate dawa mseto siku hiyohiyo.

Ajirini pia wakazi. Mpango wa kudhibiti malaria mijini ulioanza hapa Dar mwaka 2004, katika kata 15, uliwatumia wakazi kusaka mazalia ya mbu, maana wao ndio wanaojua dimbwi liko nyuma ya choo cha nani. Ila jirani asipewe dodoso lenye maswali ya VVU au ya mambo ya chumbani. Hapo atajibiwa uongo.

SWALI: Fomu yetu ya ridhaa imetafsiriwa na mtaalamu, lakini watu wanasaini bila kuelewa. (Kigamboni)

JIBU: Angalieni maneno matatu. “Dawa bandia” kwa msomaji wa Dar ni dawa feki ya dukani. Andikeni “kidonge kisicho na dawa ndani”, kisha mweleze kwa nini kipo. Kugawa watu makundi “kwa nasibu” kunamkumbusha mtu bahati nasibu na kamari. Semeni mtapiga kura ya vikaratasi, naye hatachagua kundi wala daktari hatamchagulia. Na “majaribio” bila maelezo humfanya mtu ajione panya. Fomu ikishakuwa tayari, wapeni watu kumi wa mtaani, kila mmoja aieleze kwa maneno yake. Swali la “umeelewa?” halina faida, kila mtu atajibu ndiyo. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti. Sharti hili hurukwa mno.

SWALI: Niko kwenye bodi ya ushauri ya jamii, yaani wakazi wanaowashauri watafiti, Mbagala. Tunaitwa vurugu ikishatokea, tunapewa soda na nauli. Kazi yetu ni ipi?

JIBU: Kazi yenu inaanza kabla dodoso halijachapwa. Dai rasimu wiki mbili kabla ya kikao, na katika muhtasari kila hoja yenu iandikwe imebadilisha nini, au imekataliwa kwa sababu gani. Posho ipangwe kwenye bajeti tangu mwanzo na ijulikane. Ikitolewa kwa bahasha kimyakimya, mtaa utasema mmenunuliwa. Na siku ya matokeo, mtaa usikie kabla ya magazeti.

SWALI: Nikijitoa katikati ya utafiti, nitanyimwa matibabu zahanati?

JIBU: Hapana, na huhitaji kutoa sababu. Nauli ya siku uliyofika ni yako. Uliza tu sampuli yako itaharibiwa au itabaki.