Modeli inawapitisha kwenye lami, wao wanakata mlimani

SWALI: Kamwene. Nasomea mipango miji, na natengeneza modeli ya watu wanaotembea kutoka Ipogolo kupanda hadi sokoni Iringa mjini. Nimeiambia programu itafute njia fupi. Inawapitisha wote kwenye lami, lakini kila asubuhi nawaona wakikata kwa vijia vya mlimani. Nimekosea wapi?

JIBU: Kamwene, ndugu. Anza na ramani. Kijia kisichochorwa, hakuna hesabu itakayompitisha mtu hapo. Washa GPS ya simu, vipite vijia mwenyewe kimoja kimoja, uviingize kwenye ramani.

Kisha acha mita, pima kwa dakika. Kwa kanuni ya mwanajiografia Waldo Tobler ya mwaka 1993, kwenye tambarare mtu hutembea kilomita 5 kwa saa. Mpando wa asilimia 10, yaani kupanda mita 10 kwa kila mita 100, kama kilomita 3.5, wa asilimia 20, kama 2.5. Tuseme kijia kina mita 600 na kinapanda kwa asilimia 20, lami inazunguka mita 1,200 kwa asilimia 10. Kijia ni dakika 14, lami 20. Sasa programu itawahamishia wote kijiani, na hilo nalo si kweli.

Simama pale kijia kinapoachana na lami, saa moja asubuhi. Mama mwenye beseni la nyanya kichwani anafuata lami. Mchana anarudi, beseni tupu kwapani, anashuka kwa kijia. Giza likiingia, au mvua za Januari zikilainisha udongo, hakigusi. Ni mtu yuleyule. Kwa hiyo gharama ya kila kipande cha njia ibebe dakika, mzigo, utelezi na giza, kisha tumia lojiti, kanuni ya hesabu inayowagawa watu kwa uwezekano badala ya kuwasukumia wote upande mmoja. Uzito wa kila jambo usiukisie: hesabu watu asubuhi na jioni, kiangazi na masika, urekebishe mpaka modeli ilingane na ulichohesabu.

Lipo ambalo hukuuliza, nami naliona kubwa kuliko yote: umeshamfunga kila mtu kwenye soko la mjini. Mlima ukiteleza, wapo watakaonunua palepale Ipogolo. Basi uchaguzi wa mahali pa kwenda usiumalize kabla ya njia. Uchaguzi huo nao utegemee gharama ya njia zote kwa pamoja, ili kijia kikiharibika, idadi ya wanaokwenda mjini nayo ishuke. Ukifika hapo, utaweza kuionyesha halmashauri ngazi za zege pale mlimani zingewafaa watu wangapi, na wa saa ngapi.