Kichwa cha kuku na jiwe la sangara: maswali yenu kuhusu sikio la ndani

Safari iliyopita niliandika hapa kwamba sikio halikuanza kwa kazi ya kusikia, lilianza kwa kazi ya kumzuia mnyama asipinduke. Wengi hamkukubali, mkaniletea maswali. Haya, tuyajibu machache.

Nikimshika kuku nikamyumbisha huku na huku, kichwa chake kinabaki palepale kama kimepigiliwa hewani. Wanangu wanacheka mpaka wanalia. Ni nini? (Mfugaji, Morogoro)

Wacheke tu, nami nikimpata kuku mpole huwa namjaribu. Ndani ya fuvu, kwenye sikio la ndani la kila upande, kuku ana mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji. Kila mmoja umeelekea upande wake, kwa hiyo kichwa kikigeuka vyovyote, kuna mfereji utakaojua. Chukua ndoo ya maji uizungushe ghafla: ndoo imekwenda, maji yamechelewa. Humo ndani ni vivyo hivyo. Majimaji yakichelewa yanalaza vinyweleo vidogo mno, neva inapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unaamuru shingo irudi kinyume kwa kipimo kilekile. Macho nayo yanasaidia.

Wewe pia unafanya hivyo, ila wewe unageuza macho. Ya kuku hayazunguki sana kwenye matundu yake, ndiyo maana shingo inabeba sehemu kubwa ya mzigo. Jaribu sasa hivi. Soma sentensi hii huku unatikisa kichwa: unasoma vizuri. Tuliza kichwa, kisha utikise simu kwa kasi ileile. Herufi zimevurugika, sivyo?

Na watoto wakizunguka mpaka wakaanguka, ni ndoo ileile. Wao wamesimama, majimaji bado yanakwenda.

Tukimpasua sangara kichwa tunakuta vijiwe vyeupe. Mzee mmoja hapa sokoni anasema ni dawa. Kweli? (Muuza samaki, Mwanza)

Dawa ya nini sijui, ila jiwe lenyewe ni sehemu ya sikio. Samaki hana tundu la sikio kwa nje, ila sikio la ndani analo, na ndani yake mna vijiwe jozi tatu vya kalisi, jamii moja na chokaa. Ninyi mnaona ile jozi kubwa tu. Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na wa maji, kwa hiyo sauti ikija inampitia na kumtikisa mzima. Jiwe ni zito zaidi, linachelewa kidogo, na vinyweleo vilivyo chini yake vinapinda. Hapo samaki amesikia. Vijiwe hivyo pia vinamwambia juu ni wapi na chini ni wapi, hata usiku kwenye maji ya tope.

Usilitupe kabla hujalitazama. Linakua kwa tabaka, kama shina la mti, na watafiti hulikata jembamba wakahesabu pete ili wajue umri wa samaki. Kwetu kazi hiyo ni ngumu kuliko Ulaya, kwa sababu hatuna baridi kali ya kuacha alama wazi kila mwaka. Kwa samaki wadogo huhesabu pete za siku.

Ziwa hilohilo lina wenye masikio makali zaidi. Ningu, kambale na dagaa wa Ziwa Victoria wana vifupa vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani. Kibofu kinatikiswa na sauti, vifupa vinaipeleka.

Nyoka ni kiziwi? (Mwanafunzi, Kitui)

Hapana. Hana tundu wala kiwambo cha sikio, lakini sikio la ndani analo, na kifupa chake kimeungana na mifupa ya taya. Taya likilala chini, vishindo vya miguu yako vinapanda humo. Sauti nzito za hewani pia anazisikia. Za juu ndizo zinazompita.

Nimesikia kuku akiharibikiwa masikio anapona, binadamu haponi. Ni uongo wa mitandaoni? (Msomaji, Tanga)

Safari hii mitandao imesema kweli. Kelele kali huua seli zenye vinyweleo vya kusikia. Kwa ndege zinaota nyingine ndani ya wiki chache, jambo lililothibitishwa miaka ya 1980. Binadamu ana seli hizo takriban 15,000 kwa kila sikio, ndani ya mfereji uliojiviringa kama nyumba ya konokono, na zikifa hazirudi. Baadhi ya dawa, kama jentamaisini inayoua bakteria, nazo huweza kuziua.

Mbwa wetu wa miaka 13 ameamka kichwa kimeinama upande, anazunguka na kuanguka, macho yanarukaruka. Jirani anasema amelishwa sumu. (Msomaji, Arusha)

Inawezekana, lakini kwa umri huo mimi ningeanza kushuku sikio la ndani. Upande mmoja ukizimika ghafla, ubongo unapata habari za upande mmoja tu, na mbwa anahisi dunia inazunguka. Mbwa wazee hupatwa hivyo bila sababu kuonekana, na wengi huanza kupata nafuu siku chache baadaye, ingawa kichwa huweza kubaki kimeinama kidogo. Usaha ndani ya sikio huleta dalili hizohizo, na uwezekano wa sumu bado upo, kwa hiyo daktari wa mifugo amwone leo. Usimtie mafuta wala kitu chochote sikioni. Mzuie asifike kwenye ngazi, chakula mpelekee alipolala, na bakuli la maji liwe zito lisilopinduka.