Mlonge, dagaa na jua la saa nne: majibu yenu kuhusu mifupa

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya mifupa kudhoofika, ugonjwa ambao hospitalini huitwa osteoporosisi. Mfupa unaliwa ndani kwa ndani, hauumi wala hauvimbi, mpaka siku mtu anateleza bafuni na nyonga inavunjika. Wengi mmeuliza kuhusu dawa za asili. Nimejibu kama mfamasia anayeipenda mitishamba na ambaye ameona pia inavyotumiwa vibaya.

*Habari za kazi, dada mfamasia. Nina miaka 52, hedhi ilikoma mwaka juzi. Jirani ananiambia unga wa mlonge, kijiko asubuhi, mchana na jioni, unatosha kulinda mifupa. Ni kweli? – Mama J., Mbagala*

Nzuri, dada yangu. Jirani yako hajakosea sana, ila hesabu haitoshi. Kijiko kikubwa cha unga wa majani ya mlonge, kama gramu 8, kinakupa miligramu 150 hivi za kalsiamu. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji kama 1,200 kwa siku. Vijiko vitatu havifiki hata nusu, na si yote iliyomo inayofyonzwa na mwili. Endelea nao, lakini kama mboga kati ya mboga nyingine. Tumia majani tu, kwa sababu magome na mizizi ya mlonge ina sumu. Na kama unameza dawa za kisukari, mwambie daktari wako kwamba unakula mlonge, maana unaweza kushusha sukari.

Umeuliza wakati wake kabisa. Miaka mitano hadi kumi ya mwanzo baada ya hedhi kukoma ndiyo mifupa inapopungua kwa kasi, kwa sababu homoni ya estrojeni, iliyokuwa inazuia mfupa usibomolewe kuliko unavyojengwa, imeshuka.

Ningepata nafasi ya kupika jikoni kwako, ningeanza na dagaa. Wawe wa Mwanza, wa Kigoma au dagaa mchele wa pale Feri, faida yao ni kwamba tunawala na mifupa yao. Gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya miligramu 1,000 za kalsiamu, na juu yake kuna protini, ambayo mfupa unaihitaji vilevile. Inaniuma nikimwona mama amekaa na ungo, anampasua dagaa mmoja mmoja na kung'oa ule uti wa katikati ili mboga iwe laini. Kichwa kikiwa kichungu, toa. Uti uache. Waoshe kwa maji ya moto, wakaange mpaka wakauke, kisha weka nyanya, kitunguu na ndimu. Ule uti utatafunika bila shida.

Ongeza kikombe cha maziwa au mtindi, ambacho kina karibu miligramu 300. Maziwa fresh yakikuvuruga tumbo, mtindi kwa kawaida hauleti shida hiyo. Uji wa ulezi nao ni mzuri, na unakuwa bora zaidi ulezi ukioteshwa kwanza au uji ukiachwa uchachuke, kwa sababu hapo madini yanafyonzwa vizuri zaidi. Kwa upande wa mboga za majani, sukuma wiki na chainizi ndizo zinazoachia kalsiamu yake kirahisi. Mchicha na spinachi zina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini asidi ya oksaliki iliyomo inaishika isiingie mwilini. Kuleni mchicha kwa faida zake nyingine, lakini kwa kalsiamu msiutegemee.

Mwisho, punguza chumvi. Ikizidi, figo hutoa kalsiamu nyingi zaidi kwenye mkojo.

*Supu ya makongoro inajenga mifupa? Mimi nainywa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. – Fundi wa Tabata*

Kaka, makongoro yanakupa protini, na hilo ni jema. Kalsiamu kwenye mchuzi wake ni kidogo sana, kwa sababu kuchemsha hakuyeyushi mfupa. Ukikamulia ndimu, utaongeza ladha zaidi kuliko madini. Furahia supu yako, na dagaa wale mchana.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo, navaa buibui na nikabu. Nimesikia vitamini D inapatikana kwenye jua la asubuhi sana, saa kumi na mbili na nusu. Nikikaa uani wakati huo inatosha? – Binti wa Ilala*

Mdogo wangu, jua la alfajiri ni zuri kwa macho na moyo, lakini miale inayotengeneza vitamini D bado ni hafifu sana saa hiyo. Kipimo chepesi ni kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, unapata kidogo mno, kikiwa kifupi kuliko urefu wako, ngozi inafanya kazi. Hapa Dar hali hiyo huanza kama saa tatu na nusu asubuhi na kuendelea mpaka karibu saa tisa alasiri. Ngozi yetu nyeusi inahitaji muda mrefu kuliko nyeupe, kwa hiyo kaa uani kwa faragha, mikono na miguu wazi, kama nusu saa, siku kadhaa kwa wiki. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, kwa sababu kioo kinaizuia miale hiyo.

Kama nyumba yenu haina ua wa faragha, usijilaumu wala usibadilishe mavazi yako. Vidonge vya vitamini D vipo, uniti 600 hadi 800 kwa siku, na hiyo ndiyo njia yako. Wafanyakazi wa maofisini wanaotoka kabla ya jua kupanda na kurudi magharibi, hili linawahusu na nyinyi.

*Magoti yangu yanalia na yanauma, nimeambiwa ute umekwisha na mifupa inasagika. Nilinunua dawa ya asili ya unga kwa muuzaji wa stendi. Siku ya pili tu maumivu yalikwisha! Natumia mwezi wa tano sasa. Ila uso umevimba mviringo na presha imepanda. Niendelee? – Baba N., Gongo la Mboto*

Baba, hili ndilo swali lililonitia wasiwasi kuliko yote.

Kwanza, magoti yanayouma na kulia mara nyingi ni kulika kwa viungo, na huo ni ugonjwa mwingine. Mifupa iliyodhoofika haiumi kabla ya kuvunjika.

Pili, na hili ndilo kubwa: mtishamba hautulizi goti bovu kwa siku mbili. Manjano na tangawizi, ambazo zinaweza kupunguza maumivu kidogo, huchukua wiki kadhaa. Unga unaofanya kazi haraka hivyo, ukaleta uso wa mviringo na presha, nashuku umechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe zinazofanya kazi kama homoni ya mwili, kama deksamethasoni au prednisoloni. Mchezo huu umegunduliwa katika nchi nyingi kwenye dawa za maumivu zinazoitwa za asili. Na steroidi zikinywewa miezi kadhaa ni miongoni mwa vitu vinavyobomoa mifupa haraka kuliko vyote. Yaani mtu ananunua dawa ya kulinda mifupa, na ndiyo inayoimaliza.

Usiiache ghafla leo. Ukitumia steroidi muda mrefu, tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini huwa zimelala, na ukikatisha kwa mkupuo unaweza kuanguka vibaya, hata kupoteza maisha. Nenda hospitali kesho, ukiwa na kifuko chenyewe chenye unga uliobaki, umwambie daktari umeitumia kwa muda gani. Atakupunguzia taratibu, apime sukari na presha.

Kwa wengine wote: kabla ya kununua, ulizeni kama dawa imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Isiyo na lebo, isiyotaja kilichomo, msimeze.

*Nina miaka 24, natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Eti inakula mifupa? – Sinza*

Inapunguza uzito wa mifupa kiasi fulani, ndiyo, na kwa kawaida hurudi ukiacha. Kwa umri wako Shirika la Afya Duniani haliizuii. Kula vizuri, tembea, na kama umeitumia miaka mingi mfululizo, zungumza na muuguzi wa kliniki kuhusu njia nyingine. Usiache kienyeji ukapata mimba usiyoitarajia.

*Natumia ARV, kidonge kimoja kwa siku. Nimeanza vidonge vya kalsiamu kwa ajili ya mifupa. Kuna shida? – Ameomba jina lisitajwe*

Asante kwa kuuliza, kwa sababu wengi hawaulizi. Kidonge wanachopewa watu wengi hapa nchini kina dawa ya tenofovir, ambayo inaweza kupunguza mifupa kidogo, pamoja na dawa nyingine iitwayo dolutegravir. Kalsiamu hukamatana na dolutegravir tumboni na kuizuia isifyonzwe, na virusi vinaweza kupata nafasi. Una njia mbili: meza vyote viwili pamoja na chakula, au meza ARV saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma vina kanuni hiyohiyo. Chakula cha kawaida, hata dagaa na maziwa, hakina shida.

*Mama yangu ana miaka 71, alianguka akavunjika kifundo cha mkono. Bandeji gumu limetolewa. Tumpe mtishamba gani asivunjike tena? – Mwanaye, Temeke*

Pole sana, na mpe mama shikamoo yangu. Hakuna mtishamba ninaoujua wa kumlinda mtu ambaye mfupa wake umevunjika kwa kuanguka kidogo tu. Huyo anahitaji daktari. Muulizeni kuhusu kipimo cha DEXA, picha inayopima uzito wa mifupa, na dawa ya kulinda mifupa kama alendroneti, kidonge cha mara moja kwa wiki kinachomezwa asubuhi tumbo likiwa tupu kwa glasi nzima ya maji, kisha mama asilale kwa nusu saa. Chakula nilichomwandikia Mama J. kimfae na yeye.

Halafu angalieni nyumba. Kandambili zilizolika soli zitupwe. Mkeka uliokunjika pembe uondolewe njiani, sakafu ya bafu iwekewe kitu kisichoteleza na ukutani pawe na chuma cha kushika. Usiku awe na tochi karibu na mto, umeme ukatike usikatike. Mpimeni macho. Na kila siku asimame akiwa ameshika kiti, anyanyue mguu mmoja, kisha mwingine, mtu akiwa karibu naye.