Maswali ya Wasomaji: Mama Amekata Roho, Baraza Limegawanyika

SWALI: Ndugu Mwandishi, salaam. Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Newala. Mama yangu mzazi alifariki mwaka huu wakati mikorosho inaanza kuchanua. Nilikuwa nimemshika mkono alipokata roho, na kwa macho yangu niliona kwamba kilichobaki kitandani hakikuwa mama tena. Sasa arobaini inakaribia na nyumba imegawanyika. Mjomba, kaka yake mama, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli katika msiba huu, ameota mara mbili dada yake akiomba unga, na anataka tukatambike. Ustadhi anasema tambiko ni shirki, roho ya mama iko barzakhi, yaani pale wafu wanapongojea ufufuo, tusome hitima basi. Mdogo wangu wa kiume, aliyebatizwa na Wasabato, anasema mama amelala na hajui lolote, kwa hiyo hatachangia. Mwanangu anayesomea udaktari Dar es Salaam aliwasikiliza wote, kisha akasema kwamba bibi alikuwa ubongo, na ubongo umekufa. Mjomba alimfukuza barazani. Naomba unijibu bila kuzungukazunguka: binadamu ana roho au hana?

JIBU: Dada yangu, pokea pole zangu. Mola amrehemu mama.

Umenitaka nisizungukezunguke, na ningependa kukutii, lakini neno lenyewe ndilo linalozunguka. Nilipokuwa mtoto Mikindani, nikiwasikia watu wazima wakisema kwamba fulani amekata roho, niliwaza kamba ya mtumbwi iliyokatika usiku na chombo kikachukuliwa na maji. Baadaye nilitambua kwamba katika Kiswahili chetu roho ni koo pia, ndiyo maana aliyembana mwenzake shingoni husemwa kuwa amemkaba roho. Roho ni uhai, kama tunaposema kwamba mgonjwa asiyekufa ana roho ya paka. Roho ni tabia, mbaya au nzuri. Roho ni tamaa, kwa kuwa kuna chakula ambacho roho inakitaka na kingine inakikataa. Na juu ya hayo yote, roho ni kile kinachosemwa kubaki baada ya mwili kuzikwa. Mwanao alipokana roho mbele ya mjomba wake mkubwa, sidhani kwamba alikana zaidi ya hiyo ya mwisho, lakini mjomba alisikia zote zikikanwa kwa mpigo mmoja, na mtu anayeambiwa kwamba dada yake hakuwa na roho ana haki ya kukasirika.

Mchanganyiko huu si udhaifu wa Kiswahili peke yake. Neno la Kiebrania ambalo Biblia yetu hulifasiri kuwa nafsi, yaani nefeshi, nalo lilimaanisha koo na pumzi kabla ya kumaanisha mtu mzima, na athari yake inaonekana katika Zaburi ya 69, pale mwenye kuzama anapolia kwamba maji yamefika mpaka nafsini mwake. Maji hufika kooni, dada yangu, nasi sote tuliokulia ufukweni tunajua hivyo.

Nianze na mdogo wako, kwa sababu naona ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Msabato hasemi kwamba binadamu ni nyama tupu. Anasimama juu ya Mwanzo 2:7, ambapo Mungu anampulizia mtu pumzi ya uhai, na mtu akawa nafsi hai. Zingatia kitenzi: mtu akawa nafsi, hakupewa nafsi kama anayepewa mzigo wa kubeba. Kwa usomaji huu mavumbi na pumzi vikitengana nafsi haihamii popote, bali haipo mpaka siku ya ufufuo, na Mhubiri 9:5 inaposema kwamba wafu hawajui neno lolote, yeye huichukua kama ilivyo. Wakristo wengine wengi hawakubaliani naye. Wakatoliki waliamua jambo hili kwenye mtaguso mkuu, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 1513, uliotangaza kwamba roho ya mtu haifi, na hutaja maneno ya Yesu katika Mathayo 10:28, kwamba tusiwaogope wauao mwili wasioweza kuiua roho. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wako Ndanda tangu mwaka 1906, na Waanglikana waliingia Masasi mwaka 1876, na kote kuwili wafu huombewa, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama wafu wangekuwa hawapo kabisa. Kwa hiyo mdogo wako akisema anachokisema, asiseme kwamba ndiyo imani ya Ukristo wote. Ni imani ya upande mmoja, yenye hoja nzito za maandiko.

Kuhusu Uislamu, inafaa kukumbuka kwamba swali lako lilikwisha kuulizwa. Qurani katika Sura ya 17, aya ya 85, inasimulia kwamba watu walimuuliza Mtume habari ya roho, na jibu likawa kwamba roho ni katika mambo ya Mola, na kwamba wanadamu hawakupewa katika elimu ila kidogo. Jibu hilo halikanushi roho. Linafunga mlango mbele ya udadisi. Hata hivyo wanazuoni hawakuacha kugonga, kwa sababu aya nyingine, ya 42 katika Sura ya 39, inasema kwamba Mwenyezi Mungu huzipokea nafsi wakati wa mauti, na zile zisizokufa huzipokea wakati wa usingizi, kisha huzizuia zile zilizohukumiwa kufa na kuzirudisha nyingine mpaka muda uliowekwa. Baadhi ya wanazuoni wa kale, akiwemo Ibn al-Qayyim wa Damasko aliyefariki mwaka 1350, walielewa kutokana na hayo kwamba roho za walio hai na za waliokufa zaweza kukutana ndotoni.

Naomba ustadhi wenu alitafakari hilo kabla ya kuicheka ndoto ya mjomba, kama amewahi kuicheka. Anachokikataa kwa haki ya dini yake ni unga kumwagwa kwa ajili ya mfu. Kwamba kaka alimwona dada yake usingizini, hilo si geni katika vitabu vya fani yake mwenyewe.

Mjomba naye hana kitabu cha kunukuu, na barazani huonekana kama ndiye mwenye hoja dhaifu. Sikubali. Wamakonde wana neno mahoka kwa roho za waliotangulia, na Wayao, majirani zao, husema lisoka kwa roho ya mtu, maneno ambayo ukiyatamka polepole utayasikia kuwa ni ndugu. Jandoni, barakoa zinapotoka kucheza, ngoma yake huitwa midimu, na sikio la Kiswahili hulitambua jina hilo mara moja kuwa ni mizimu. Katika imani hii hakuna haja kubwa ya kueleza roho imeumbwa na nini. Jambo la msingi ni kwamba kufa hakumtoi mtu katika ukoo: anabaki na haki ya kutajwa na kupewa sehemu yake, na anaweza kununa akisahaulika. Yaani wakati ustadhi na Msabato wanabishana kuhusu mahali alipo mama, mjomba anauliza kitu kingine kabisa, kwamba mama ni nani kwetu sasa.

Sasa nimgeukie daktari mtarajiwa. Hoja yake nzuri kuliko zote si kwamba wapasuaji wamefungua vifua na vichwa wasiione roho, kwa maana hakuna dini iliyosema kwamba roho ingeonekana kwa kisu. Hoja yake nzuri ni kwamba yale tuliyoyaita roho hubadilika ubongo unapoumia. Mwaka 1848, huko Vermont nchini Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aliyeitwa Phineas Gage alichomwa na mtaimbo ulioingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini kwa mlipuko wa baruti. Aliishi karibu miaka 12 zaidi, lakini daktari wake aliandika kwamba mtu yule mpole na mwenye mpango aligeuka mkaidi na mwenye matusi, hata marafiki wakasema huyu siye Gage. (Wasimuliaji wengi huishia hapo. Ukweli ni kwamba baadaye aliendesha magari ya farasi ya abiria nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyomfaa mtu aliyeharibika kabisa.) Hapa kwetu mfano uko karibu zaidi. Degedege ya watoto wengi wa pwani walikuwa wakiihesabu kuwa ni kazi ya pepo, mpaka ilipofahamika kwamba mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, na sindano ikafanya ambacho uganga haukuweza.

Hoja hiyo ni nzito, na anayeipuuza hajawahi kumuuguza mzee aliyesahau majina ya wanawe. Lakini inafika mpaka mahali fulani tu. Ngoma ikipasuka ngozi mlio hubadilika, na hilo halithibitishi kwamba hakuna mpigaji. Kwa upande wa pili, halithibitishi kwamba yuko. Wenye kuamini mpigaji nao wana deni lao, ambalo binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimdai mwanafalsafa Descartes kwa barua mwaka 1643: kitu kisicho na mwili kinausukumaje mwili? Descartes alijibu barua kwa adabu nyingi, lakini deni, kwa maoni yangu, hakulilipa. Na mwanao bado anadaiwa lake, kwa kuwa kueleza jinsi mshipa wa fahamu unavyopeleka taarifa si sawa na kueleza kwa nini kuungua kunauma.

Uliuliza ana au hana. Mimi naamini anayo, kwa sababu ya dini niliyolelewa nayo, wala sitajifanya kwamba nimefika hapo kwa vipimo. Kuhusu ulichokiona kitandani, sikukanushii, ila nikukumbushe kwamba uliona badiliko, na watu wote wanne wa barazani wanalikubali badiliko hilo. Hukuona kitu kikitoka.

Lakini arobaini ni jambo jingine, na ningependa mlitenganishe na hili. Wako Waislamu wengi wanaoamini roho kwa yakini na hawasomi arobaini, wakisema ni bidaa, yaani uzushi katika dini, kama wanavyokataa talkini, maneno anayosomewa maiti kaburini. Kwa hiyo kuchangia au kutochangia hakupimi nani anaamini roho. Mdogo wako anaweza kuleta mchele kwa ajili ya wageni walio hai bila kuvunja imani yake. Tambiko lisilazimishwe kwa yeyote, na mjomba asizuiwe kwenda kwenye mti wake peke yake asubuhi akitaka. Mwanao aende akamwombe radhi babu yake huyo, si kwa alichokifikiri, bali kwa kukisema mbele ya watu wakati tanga halijakauka.

SWALI: Nimesoma kwamba wanasayansi walipima roho wakakuta ina gramu 21. Je, ni kweli? (Kijana, Lindi mjini)

JIBU: Aliyepima alikuwa daktari mmoja, Duncan MacDougall wa Haverhill, Massachusetts, na alichapisha matokeo yake mwaka 1907. Aliweka kitanda juu ya mizani na kuwalaza wagonjwa 6 waliokuwa wakifa. Wa kwanza alipungua uzito unaokaribia gramu 21. Wawili aliwaondoa hesabuni mwenyewe, na waliobaki hawakutoa jibu linalofanana. Kisha akapima mbwa 15, hawakupungua, akahitimisha kwamba mbwa hawana roho. Namba unayoisikia mitaani ni ya mtu mmoja, siku moja, kwenye mizani ya zama zile. Usiitumie kumshinda mtu yeyote, awe anaamini au haamini.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa pweza, Kilwa. Wanyama wana roho? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Kwa Kiswahili cha kila siku wanayo, kwani hata fundi vinyago anayeogopa dini yake husema kwamba hachongi kitu chenye roho, na hapo anawahesabu kuku na samaki. Maneno ya Kiebrania yanayomwita Adamu nafsi hai katika Mwanzo 2:7 yanatumika kwa wanyama vilevile katika sura hiyohiyo, ingawa wafasiri hawakuyatafsiri kwa namna moja. Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, naye aliipa mimea roho ya kukua, wanyama roho ya kuhisi, na binadamu akamwongezea ya kufikiri.

Pweza wako anawasumbua hata wenye kusema kwamba roho ni ubongo. Ana seli za fahamu zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili yake haziko kichwani, ziko mikononi. Wewe mwenyewe umeona mkono uliokwisha kukatwa ukiendelea kung'ang'ania kidole chako ndani ya ngalawa. Mhubiri 3:21 inauliza ni nani ajuaye kama roho ya mnyama huenda chini kwenye nchi, na haikungoja jibu.