Mkimbiaji asichukuliwe mapema, hata akiwa Barkley

Swali lenu la wiki hii, kwa sisi tunaofuatilia futiboli ya Kimarekani, lilikuwa hili: timu yako ikipata zamu ya mapema kwenye drafti, yaani siku timu zinapogawana wachezaji wapya wanaotoka vyuoni, ichukue kipaji kikubwa kuliko vyote vilivyopo, au ichukue mtu wa kuziba pengo kikosini? Mimi nakataa yote mawili. Zamu ya mapema ni ya kumchukua mchezaji wa nafasi ambayo ukienda sokoni huiwezi bei. Habari za nani mkali zaidi, na wapi panavuja, zije baadaye.

Niseme kabisa kwamba mimi ni shabiki wa New York Giants na naishi New Jersey, ambako ndiko uwanja wao uliko, jina la New York wameazima tu. Kwa hiyo nikizungumzia mada hii siwezi kujifanya refa. Kidonda changu kina tarehe: 26 Aprili 2018, usiku tulipomchukua Saquon Barkley.

Kwa msomaji aliyezoea usajili wa Simba na Yanga, huku mchezaji anayetoka chuo hachagui timu, wala hakuna kiongozi wa kumwahi uwanja wa ndege. Timu 32 zinapanga foleni. Iliyoboronga kuliko zote msimu uliopita inatangulia, bingwa anakaa mwisho, na wanachagua hivyo kwa raundi 7. Nafasi kwenye foleni inauzika: unamwachia mwenzako zamu yako, naye anakupa zamu zake mbili tatu za chini. Halafu kuna jambo ambalo wabishi wengi wanalipita haraka: mshahara wa chipukizi unafuata namba aliyochukuliwa, haufuati nafasi anayocheza uwanjani.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechukuliwa wa kwanza na Rams, alisaini miaka 6 kwa dola milioni 78, na milioni 50 kati ya hizo zilikuwa za uhakika kabla hajarusha hata mpira mmoja wa ligi. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana kuweka ngazi ya mishahara ya chipukizi. Cam Newton, naye namba 1, akapata miaka 4 kwa milioni 22. Tangu hapo zamu ya mapema ni sawa na kuingia duka ambalo kila kitu kina bei moja. Ukitoka humo na kiberiti wakati jiko la gesi lilikuwepo, hakuna aliyekuibia.

Sasa turudi 2018. Giants tulikuwa tumetoka msimu wa kushinda mechi 3 na kufungwa 13. Eli Manning, kwotabeki wetu, yule anayerusha mpira na kuendesha mashambulizi yote, alikuwa na miaka 37. Tukapata zamu ya 2. Browns, wenye zamu ya 1, wakamchukua Baker Mayfield, na dunia nzima ikabaki inatutazama sisi.

Kijiweni kwetu kulikuwa na kambi tatu. Kubwa kuliko zote ilimtaka Barkley, mkimbiaji, yaani yule anayepewa mpira mkononi na kukimbia nao, wa chuo cha Penn State, mwenye mapaja kama magogo, na kusema kweli ukimwona akikata kona na mpira mkononi ulikuwa huhitaji skauti, yule msaka vipaji, wa kukueleza chochote. Ya pili ilimtaka Sam Darnold, kwotabeki wa chuo cha USC, arithi kiti cha Manning. Ya tatu, ndogo na ya watu wa kuchekwa, ilisema zamu iuzwe kwa mwenye njaa ya kwotabeki, tushuke chini kidogo na kukusanya zamu nyingine. Nilikuwa huko. Shemeji yangu ni shabiki wa Eagles, na timu yake ilikuwa ndiyo kwanza imebeba kombe, kwa hiyo yeye alikuwa anakula pilau yetu na kutucheka wote.

Wanunuzi walikuwepo, msidhani nilikuwa naota. Mwezi uliotangulia Jets walikwishapanda kutoka zamu ya 6 hadi ya 3, na kwa hatua hizo tatu tu waliwapa Colts zamu tatu za raundi ya pili. Usiku wenyewe Bills wakapanda hadi ya 7 kumfuata Josh Allen, na Cardinals hadi ya 10 kumfuata Josh Rosen. Colts waliouza walishuka hadi ya 6 na bado wakampata Quenton Nelson, mkingaji, yaani mtu wa kuwazuia mabeki wasimfikie mwenye mpira, ambaye hadi leo makocha wanamtaja kwa heshima, kisha kwa zamu mojawapo waliyolipwa na Jets wakamwongeza Braden Smith, mkingaji mwingine aliyewatumikia miaka. Biashara ya namna hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaililia.

Tazama hesabu ya Barkley. Mkataba wa zamu ya 2 ulikuwa wa miaka 4, kama dola milioni 31, karibu milioni 8 kwa mwaka. Kwa mkimbiaji, hizo zilimweka siku hiyohiyo miongoni mwa wanaolipwa vizuri kwenye ligi, hajacheza hata dakika moja. Darnold, aliyekwenda Jets zamu moja chini yake, alipata karibu kiasi hichohicho. Lakini mwezi Machi mwaka huohuo Kirk Cousins alikuwa amesaini na Vikings miaka 3 kwa milioni 84, yaani 28 kwa mwaka. Kwotabeki wa drafti ulikuwa unampata kwa kama robo ya bei ya sokoni. Mkimbiaji ulimlipia bei kamili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwezi huohuo wa Machi, Giants wenyewe walikwenda sokoni kumnunua Nate Solder amkinge Manning upande wa kushoto: miaka 4, milioni 62. Nusu ya fedha hizo tu ingetosha kumlipa Barkley kwa muda uleule. Walikuwa wameiona bei ya mkingaji kwa macho yao, wameilipa kwa mkono wao, na wiki chache baadaye wakaenda kutumia zamu ya dhahabu kwa nafasi ya bei nafuu.

Barkley hakutuangusha, na hapo ndipo ubishi huwa unapotea njia. Mwaka wake wa kwanza alipata jumla ya yadi 2,028 kwa kukimbia na kupokea, akadaka mipira 91, akatajwa chipukizi bora wa mashambulizi. Giants tukashinda mechi 5. Mwaka uliofuata 4. Septemba 2020, wiki ya pili tu ya msimu, goti likachanika kule Chicago. Kwa misimu 6 aliyokaa kwetu tulishinda mechi moja ya mchujo, dhidi ya Vikings, na wiki iliyofuata Eagles wakatupiga 38 kwa 7. Mkimbiaji hata awe nani, akipewa mpira wakati mabeki watatu wameshamfikia, atakimbilia wapi?

Machi 2024 mkataba ukaisha, akavuka kwenda Philadelphia, kwa Eagles walewale wa shemeji. Mmiliki wetu, John Mara, alikuwa amemwambia meneja wake mbele ya kamera za televisheni kwamba Saquon akienda Philadelphia usingizi utampotea. Na upotee kweli. Oktoba alirudi kwenye uwanja wetu akakimbia yadi 176, tukalala 28 kwa 3. Novemba akamruka beki wa Jaguars kinyumenyume, picha ambayo shemeji bado ananitumia kila sikukuu, hata Idi. Msimu ukaisha na yadi 2,005 za kukimbia peke yake, mtu wa tisa tu katika historia ya ligi kuvuka 2,000 kwa kukimbia, na tarehe 9 Februari 2025, siku aliyotimiza miaka 28, akabeba kombe.

Shemeji anasema hapo kesi imefungwa: Giants tulikuwa na lulu tukaitupa. Mimi namjibu kwamba kesi imefungwa kweli, ila hukumu ni yangu. Eagles hawakutumia zamu yoyote kumpata. Walimnunua kwa miaka 3, milioni 37.75, chini ya milioni 13 kwa mwaka, wakati Giants tulikuwa tumekubali kumlipa Daniel Jones milioni 40 kwa mwaka arushe mpira. Na waliomfungulia Barkley njia kule ni akina nani? Lane Johnson, aliyechukuliwa namba 4 mwaka 2013. Jordan Mailata, mchezaji wa raga kutoka Australia ambaye hakuwa amewahi kucheza mchezo huu, Eagles walimchukua namba 233 katika drafti ileile ya 2018 tuliyopigia makofi. Miguu ya Barkley ni ileile. Shemeji akifika hapo huwa anaulizia chai.

Wasomaji wa Congo watamkumbuka Tshimanga Biakabutuka, mkimbiaji mzaliwa wa Kinshasa. Novemba 1995, akiwa na chuo cha Michigan, aliwakimbizia wapinzani wao Ohio State yadi 313 kwa mechi moja, na Panthers wakashindwa kujizuia: namba 8 mwaka 1996. Goti likamwondoa msimu wa kwanza ukiwa bado mbichi, na jeraha la mguu likammaliza 2001. Mchezaji mzuri, nilimpenda. Ila nafasi ile inakula miguu ya watu kuliko nafasi nyingine nyingi, na timu inapotumia zamu ya 8 inatafuta mtu wa miaka kumi.

Pingamizi zito kuliko la shemeji ni hili: kwotabeki wanafeli mno. Kweli. Rosen alidumu Cardinals msimu mmoja. Darnold, Jets walichoka naye baada ya mitatu. Aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2019 na 2023, ni Lamar Jackson, kwotabeki wa drafti hiyohiyo aliyeachwa hadi namba 32, ya mwisho ya raundi ya kwanza. Wote hao walitazamwa na skauti walewale, kwa video zilezile. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walichunguza drafti wakaona timu zinalipia zamu za juu kupita thamani yake, kwa sababu kila meneja anaamini jicho lake ni kali kuliko la mwenzake. Kwangu hiyo ni sababu ya kuuza zamu na kukisia mara nyingi zaidi. Haiwezi kuwa sababu ya kukimbilia kwa mkimbiaji eti kwa kuwa yeye anaonekana wazi. Hata mkingaji anaweza kukuangusha, sisi tulikuwa na Ereck Flowers, namba 9 mwaka 2015, basi tu.

Wengine watanitajia Lions, waliomchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs namba 12 mwaka 2023 na wakafurahi. Sina ugomvi na Lions. Taylor Decker, Frank Ragnow na Penei Sewell, wakingaji watatu wa raundi ya kwanza, walikuwa wameshapangwa mbele yake. Na 12 si 2.

Kwa hiyo jibu langu: kwanza kwotabeki, kama benchi la ufundi linamwamini bila kushurutishwa na mashabiki. Akikosekana, mvamizi wa kumkimbiza kwotabeki wa wapinzani, au mkingaji wa pembeni. Hao ukiwafuata sokoni wanakufilisi: mvamizi Myles Garrett alifikishwa milioni 40 kwa mwaka Machi 2025. Hakuna hata mmoja wa kumwamini? Uza.

Mwezi Aprili 2025 Giants walinifurahisha kwa mara ya kwanza baada ya muda. Zamu ya 3 wakamchukua mvamizi Abdul Carter, kutoka Penn State ileile ya Barkley. Kisha wakapanda hadi 25 kumchukua kwotabeki Jaxson Dart. Mkimbiaji walimtafuta raundi ya 4, wakampata Cam Skattebo wa Arizona State, namba 105. Mashabiki wakampenda papo hapo, na mimi nikanunua jezi yake.